Ukifuata maji ya mfereji wako, utafika Kipini

Msomaji, hebu fungua mfereji wa jikoni kwako leo Jumapili, ikiwa ni siku ya mtaa wenu kupata maji. Ikiwa si siku yenu, itazame ile mitungi ya lita 20 iliyopangwa ukutani. Uwe unaishi Kangemi, Kawangware, Uthiru au upande ule wa Lavington wenye nyumba za bustani na mabwawa ya kuogelea, maji hayo hayakuzaliwa Nairobi. Sehemu yake kubwa hutoka milima ya Aberdare, kwenye bwawa la Ndakaini huko Murang'a lililokamilika mwaka wa 1994. Mengine hutoka bwawa la Sasumua huko Kinangop, ambalo limekuwa likiinywesha Nairobi tangu mwaka wa 1956. Huteremka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri na Kabete, na kutoka hapo yakagawanywa mitaani.

Je, kama yangeachwa yafuate njia yake ya asili, yangekwenda wapi? Mto Thika na mto Chania hukutana mjini Thika, vikaendelea pamoja mpaka vikaingia mto Tana. Nao Tana hupita kwenye mabwawa ya umeme, ukapinda na kuteremka nyikani, ukapita Garissa, Hola na Garsen, na baada ya mwendo wa kilomita kama 1,000 ukajimwaga katika Bahari ya Hindi penye kijiji kiitwacho Kipini.

Huko ndiko ninakotaka kukupeleka leo, wewe pamoja na watoto wako.

Nakuonya mapema kwamba Kipini si Diani wala Watamu. Hakuna hoteli za ghorofa zilizopangana ufuoni, wala ngamia wa kupiga naye picha. Hata bahari yenyewe si ile ya buluu inayochapishwa kwenye kalenda. Wengi wetu huenda Pwani mwezi wa Desemba, tukarudi na korosho, mabuyu na ngozi iliyoungua kwa jua, halafu tukawaambia majirani kwamba Pwani tumeiona. Tumeona kipande tu cha Pwani, tena kile kilichotengenezwa kwa ajili yetu.

Safari huanza kama safari zote za Mnairobi. Wa Kawangware atashuka na matatu nambari 46, wa Kikuyu na nambari 105, mpaka katikati ya jiji. Hapo atachagua basi la usiku kutoka maeneo ya River Road, au garimoshi la Madaraka Express ambalo tangu mwisho wa Mei 2017 huondoka Syokimau na kuishia Miritini. Mombasa ni kilomita zipatazo 480 kutoka Nairobi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama 120 nyingine, na kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya 100. Ikiwa una watoto wadogo, lala Malindi. Kuwaburura mwendo wote huo bila kupumzika ni kutafuta ugomvi ndani ya gari.

Asubuhi yake, ukishaondoka Malindi kuelekea kaskazini, waamshe watoto mapema, kwa sababu baada ya kilomita chache tu utavuka daraja la Sabaki. Tazama chini. Utaona mto mpana, maji mekundu ya tope, na pengine viboko wachache upande wa baharini.

Mto huo ni Athi uliobadilisha jina. Ukitoka bara huitwa Athi, ukipita mbuga ya Tsavo huitwa Galana, na hapa Malindi ni Sabaki. Mto Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu na ambao hupita bondeni kati ya Kangemi na Kawangware kabla ya kufika Museum Hill na Gikomba, huingia humo humo ndani ya Athi. Maji machafu ya jiji yanayosafishwa huko Ruai nayo humwagwa katika mto Nairobi. Kwa maneno mengine, maji yaliyochukuliwa katika vijito vya Tana, yakapikiwa chai Uthiru na kufulia nguo Kawangware, hayarudi tena Tana. Hutokea hapa, chini ya daraja hili. Yalikuwa yaende Kipini, yakaletwa Malindi.

Usikunje uso, msomaji. Kandokando ya mto huu huu kuna visima vya Baricho, ambavyo maji yake, yakishachujwa na mchanga, hunywewa na watu wa Malindi na sehemu ya Mombasa. Maji hayana hasara, alimradi yapite pahali pazuri. Hasara, kama ipo, iko kule yalikokuwa yakitarajiwa.

Baada ya Sabaki utapita Gongoni na Marereni, ambako bahari hufungiwa kwenye majaruba mapana ikakauka na kuacha chumvi nyeupe iliyorundikwa kama vilima. Chumvi unayotia kwenye sukuma wiki huenda imetoka hapo. Kisha vijiji huanza kupungua na vichaka vya miiba kuzidi. Kabla ya kuingia Garsen penyewe, kwenye njia panda ya Minjila, unashika mkono wa kulia kuelekea Witu na Lamu. Utavuka mto Tana penye daraja la Idsowe, na kabla ya kufika Witu utaacha njia kuu tena na kushika kulia, kuelekea baharini.

Neno moja kuhusu usalama, maana najua mama mwenye nyumba ameshaanza kuuliza. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya Lamu imekuwa na vizuizi vya polisi, na kumekuwa na nyakati ambapo magari husindikizwa na askari. Mpeketoni iko mbele ya Witu nawe hufiki huko, lakini barabara ni moja. Kabla ya kuondoka Malindi, waulize polisi na madereva wa mabasi hali ilivyo wiki hiyo. Wakikwambia ngoja, ngoja. Usisafiri usiku.

Mahali ambapo bahari ni ya kahawia

Kipini ni kijiji kidogo kilichokalia pembe ya nchi, upande mmoja bahari na upande wa pili mto. Kuna nyumba za makuti na za mabati, misikiti, minazi, maduka machache ya unga na mafuta, na ufuo ambako mashua na mitumbwi huvutwa juu mchangani. Hapo utawakuta Waswahili na Wabajuni, Wapokomo ambao ndio wakulima wa mto, Waorma wafugaji, na Wagiriama waliofika kulima. Wakati mmoja palikuwa na makao ya utawala wa Mwingereza, kwa vile aliyeshika mlango wa mto alishika biashara yote ya bara iliyoteremka kwa mitumbwi. Leo mambo ya serikali yamehamia kwingine, na Kipini imebaki na uvuvi wake.

Ukifika ufuoni utashangaa. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, na wakati wa mafuriko hugeuka kuwa kakao kabisa. Huo ni udongo wa bara ulioshuka na mto. Mkulima wa kilimani akilima bila matuta, mvua huja ikachukua shamba lake. Sehemu ya udongo huo huzama katika mabwawa ya umeme na kuyajaza tope, na sehemu nyingine huteremka mpaka huku. Upepo umeurundika mchanga ufuoni ukawa matuta marefu kuliko utakayoyaona pengine popote katika pwani yetu, na mtoto wa mjini atafurahia kuyapanda na kuteleza kwa matako hata asahau kuuliza ziko wapi bembea.

Lakini tope hilo lina kazi yake. Ghuba hii, ambayo kwenye ramani huitwa Ungwana au Formosa, ndiyo yenye kamba wengi kuliko sehemu yoyote ya pwani ya Kenya. Kamba wachanga hukulia kwenye mikoko, wakila chakula kinacholetwa na mto, kisha hutoka baharini wakiwa wakubwa. Kwa miaka mingi kulikuwa na ugomvi hapa kati ya meli kubwa za kukokota nyavu na wavuvi wa mashua, ambao walilalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wao wadogo wanachotwa na kutupwa. Mwaka wa 2006 meli hizo zilisimamishwa, na ziliporuhusiwa tena baadaye ziliwekewa masharti. Ukiwaona kamba waliopangwa juu ya barafu katika duka la Westlands, jua kwamba kuna uwezekano mkubwa kwamba walikulia huku.

Usimwache mtoto aingie mtoni hata kunawa miguu. Mto una mamba na viboko, na viboko wamewahi kuua watu wengi barani Afrika kuliko anavyodhani mtu aliyewaona kwenye vitabu vya picha tu.

Kupanda mto hadi Ozi

Safari yenyewe ni ya kwenda Ozi. Utakodi boti au mtumbwi pale Kipini, ukapanda mto na maji yanayojaa. Kwanza mikoko itakuzunguka pande zote mbili, mizizi yake ikiwa imesimama juu ya tope kama miguu ya buibui. Watoto waambie watafute mti mmoja wenye gogo pana kwa chini, lililochomoza kuta kuta kama mbao zilizosimamishwa wima. Huo ni msikundazi, mti wa familia nyingine kabisa, na ni hapa kwenye mlango wa Tana ambapo umeota kwa wingi hata ukawa msitu. Wavuvi watakuonyesha mamba aliyelala ufukoni kabla hujamwona mwenyewe. Utadhani ni gogo, mpaka gogo lifumbue jicho.

Baada ya mikoko, hewa hubadilika. Kingo huinuka kidogo, minazi na miembe hutokea, na ghafla unaona nyumba. Hii ndiyo Ozi, kijiji cha wakulima wa mpunga. Jina ni la kale, kwa sababu zamani tawi hili la mto liliitwa mto Ozi, na Tana penyewe pakiwa na mlango wake mwingine upande wa kusini. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuziunganisha njia hizo mbili, na mto ukaamua kuifuata njia aliyofunguliwa na binadamu. Hapa mto ni kama mfugo usiofungwa, leo umelala huku, kesho umelala kule.

Sasa sikiliza jinsi watu hawa walivyokuwa wakilima, maana ni jambo la akili nyingi. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huuzuia mto kumwaga maji yake. Maji matamu ya mto hukosa pa kwenda. Hurudi nyuma, yakapanda, yakaingia kwenye vijito na mitaro mpaka ndani ya majaruba ya mpunga. Bahari ikipwa, maji nayo hushuka. Mkulima wa Ozi hakununua pampu wala dizeli. Pampu yake ilikuwa mwezi, na hakuna fundi aliyewahi kuitwa kuutengeneza.

Lakini pampu hiyo ina sharti moja. Lazima mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia bahari mlangoni. Mto ukidhoofika, bahari haisukumi tena maji matamu, inaingia yenyewe. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupita chini chini, yakatangulia bila kuonekana, huku juu mto ukionekana ni ule ule. Anayegundua kwanza ni mpunga. Majani huanza kuungua ncha, kisha shamba zima hugeuka rangi.

Hayo ndiyo yaliyoipata Ozi na jirani yake Kilelengwani. Majaruba yaliyolishwa na mwezi vizazi na vizazi yameachwa. Migomba imekauka na miembe nayo imekauka. Watu wengine wamehama, na waliobaki hupiga makasia kwenda juu ya mto kutafuta maji ya kunywa, huku wakiwa wameketi kando ya mto mrefu kuliko yote nchini. Katika kiangazi kile kirefu cha tangu mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mambo yalizidi. Kisha ikaja El Niño ya mwisho wa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024, na watu wale wale waliokuwa wakililia maji wakahamishwa makwao na maji.

Je, ni makosa ya Nairobi? Tusikimbilie jibu. Maji yanayochukuliwa na jiji ni sehemu ndogo ukiyalinganisha na mto mzima, hata baada ya kuongezwa yale ya njia ya chini ya ardhi ya Murang'a iliyozinduliwa mwaka wa 2022. Kuna mambo mengine. Kuna mabwawa ya umeme matano yaliyojengwa yakifuatana mtoni, Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, ambayo yamepunguza yale mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakiosha chumvi na kuleta udongo mpya. Kuna mashamba ya kunyunyizia, Mwea, Hola na Bura. Kuna mto wenyewe unaohama njia, na bahari inayopanda polepole dunia nzima. Wala mama wa Kangemi anayenunua mtungi mmoja mmoja hapaswi kuambiwa kwamba ndiye aliyekausha mpunga wa mtu.

Lakini hesabu tunaweza kuifanya, hata kama hailipwi leo. Taa unayosomea gazeti hili jioni ina sehemu yake iliyotoka kwenye mto huu. Pishori la Mwea lililo sufuriani leo mchana limenyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo nayo ni watoto wa Tana. Tunakula wali wa juu ya mto, na wa chini ya mto hawana wali. Katika vikao vingi vya maji ambavyo nimewahi kuviandikia habari hapa Nairobi, Murang'a hutajwa, Kiambu hutajwa, lakini sijamsikia hata mara moja mtu akilitaja jina la Ozi.

Kisima cha Liyongo

Kwa wanafunzi walio na mtihani wa fasihi, huku ni nyumbani kwa mtu mnayemjua. Fumo Liyongo, shujaa wa mighani, mshairi na mpiga upinde, anasimuliwa kuwa aliishi Shaka, mji ambao magofu yake yako kwenye pwani hii hii, na wenyeji wa sehemu za Kipini wanalo kaburi wanaloamini ni lake. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, lakini utenzi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913 ungali unasomwa.

Mnakumbuka jinsi alivyokufa. Mfalme wa Pate alimhadaa mwanawe Liyongo, naye kijana akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo aliamka, akatwaa upinde, akapiga goti karibu na kisima na kuelekeza mshale, akafa akiwa katika hali hiyo. Watu hawakujua kama amekufa. Siku zikapita hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, na mji mzima ukashikwa na kiu, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza. Darasani tulifundishwa kuutazama usaliti wa mwana. Ukiisoma hadithi hiyo ukiwa Ozi, utaiona kwa upande wa pili, upande wa wale wanawake waliosimama mbali na mitungi mitupu.

Magofu utayaona yakiwa yamefunikwa na vichaka. Ungwana, ulio karibu na Kipini, ulikuwa mji mkubwa wa mawe wenye misikiti na makaburi ya kujengwa. James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950, na baadaye akaja George Abungu, Mkenya aliyepata kuwa mkurugenzi mkuu wa Makavazi ya Kitaifa. Usiende bila mwenyeji. Njia haina vibao, na nyoka hawana habari kwamba wewe ni mtalii.

Na kuna jambo jingine la mto huu ambalo kila mtoto wa shule hulibeba mdomoni bila kujua. Tuni ya wimbo wetu wa taifa, ule unaoimbwa bendera ikipandishwa, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na aliyewaimbia wataalamu waliokuwa wakiutunga kabla ya uhuru alikuwa Meza Galana, Mpokomo wa Tana.

Nyika ya maji

Nyuma ya vijiji kuna nyika, lakini si nyika ya Nairobi National Park yenye barabara na lango la kulipia. Ni tambarare ya nyasi, madimbwi, misitu midogo ya mikindu na mito iliyokufa, inayofunikwa na maji mvua zikinyesha bara. Mwaka wa 2012 delta ya Tana, hekta 163,600, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu duniani. Ndege wa majini hukusanyika kwa maelfu, wakiwamo korongo, yangeyange, mwari na bata wanaokimbia baridi ya Ulaya. Kwenye nchi kavu kuna nyamera, nyati na twiga. Kasa huja kutaga mayai ufuoni usiku. Juu zaidi, kupita Garsen, kuna hifadhi ya nyani iliyotengwa mwaka wa 1976, ambamo mna aina mbili za kima wa msituni, mbega mwekundu wa Tana mmojawapo, wasiopatikana mahali pengine popote duniani ila kwenye misitu ya mto huu.

Usidhani nyika hii haina mwenyewe. Kiangazi kikishika, wafugaji huleta ng'ombe kutoka mbali, maana hapa ndipo nyasi hubaki mbichi. Mkulima naye anataka ukingo ule ule. Mto ulipokuwa ukifurika kwa zamu yake, kulikuwa na desturi za nani apite wapi na lini. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 desturi hizo zilivunjika vibaya, zaidi ya watu 100 wakauawa kati ya Wapokomo na Waorma, Kilelengwani ikiwa miongoni mwa vijiji vilivyochomwa. Ukifika huko usiulize maswali ya nani alimfanyia nani nini. Wapo watakaokueleza wenyewe wakipenda, na wapo ambao hawatataka.

Kabla ya hapo kulikuwa na mipango ya kulifanya eneo hili mashamba makubwa ya miwa, hekta 20,000. Wenyeji wengine walikubali kwa kutarajia kazi, wengine wakaenda mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza kwamba watu wa delta washirikishwe na mpango wa matumizi ya ardhi utayarishwe kwanza. Miwa haikupandwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema, ingawa sikai huko nami sikuhitaji ile kazi.

Hapo Ozi, wakati huu, vikundi vya wanakijiji vimekuwa vikipanda mikoko. Utawaona kina mama wameinua leso, wamezama topeni mpaka magotini, wakichomeka miche mmoja mmoja kwa mstari. Mikoko haitarudisha mpunga, lakini hushika tope lisiliwe na mawimbi, na kamba hupata pa kukulia.

Ukitaka kwenda, miezi mizuri ni Januari hadi Machi, bahari ikiwa tulivu kwa upepo wa kaskazi, au Agosti na Septemba mafuriko yakishapita. Aprili na Mei usijaribu, kwa sababu njia huwa tope na mto haueleweki. Malaria ipo, kwa hiyo mwone daktari kabla, na chandarua kitie mkobani hata ukiambiwa nyumba ya wageni inacho. Nyumba za wageni ni za kawaida tu, kitanda na ndoo ya maji. Kina dada wavae nguo za stara, kina kaka nao wasitembee kijijini vifua wazi kama walio ufuoni kwa Wazungu. Wazee waamkie kwanza kabla ya kutoa kamera. Chakula kitakuwa wali wa nazi na samaki, au kamba ukibahatika, na ukialikwa nyumbani usikatae.

Boti ya Ozi hupanda na maji yakijaa na kushuka yakipwa, na saa hizo husogea kila siku kwa kiasi cha dakika 50, hivyo saa aliyokwambia nahodha jana si ya leo. Mwulize kabla ya kulala. Na maji ya kunywa ya watoto yabebeni kutoka Malindi. Ya Ozi, hata wenyeji huyaonja kwanza kabla ya kujaza mitungi.